Nitajibu Siku ya Kufunga

Bukta ya Yared ilichanika stendi ya Mikumi, saa ambayo mabasi ya Iringa na Mbeya husimama pamoja na abiria wote wana njaa. Alikuwa kwenye mazoezi, anakimbia kutoka barabara kuu. Katika kumkwepa mama wa mayai ya kuchemsha, kona ya bati la kibanda ikamshika nyuma. Kitambaa kikalia kraaa, hata wapiga debe wakanyamaza. Kijana akasimama pale pale, mikono yote miwili nyuma, akaanza kusogea kinyumenyume kutafuta ukuta.

"Kaka, pita huku," sauti ya kike ilimwita. "Kwa mwendo huo utafika jioni."

Aliyemwita alikuwa Editha, fundi cherehani wa baraza la duka la vipuri vya pikipiki. Alivaa gauni la kitenge cha njano lenye maua ya kijani, futi ya kupimia ikiwa imening'inia shingoni. Hakucheka. Alikuwa ameuma mdomo asicheke, na Yared aliliona hilo vizuri sana. Akatupiwa kitenge cha mteja, akajifunga kiunoni, akavua bukta yake ya bluu na kuikabidhi huku ameangalia pembeni.

"Uzi wa bluu umeniishia," Editha alisema. "Nina wa rangi ya chungwa tu."

"Chungwa kwenye bluu?"

"Basi nenda hivyo hivyo. Leo kuna upepo mzuri."

"Shona, dada. Shona hata kwa kamba ya katani."

Editha akacheka sasa, cherehani ikaanza kuimba. "Wewe si ndiye yule anayekimbizana na malori ya Zambia?"

"Sikimbizani nayo. Yananipisha."

Tangu siku hiyo nguo za Yared zilipatwa na ugonjwa wa kuchanika. Leo shati, kesho ovaroli ya gereji alikofanya kazi ya kutengeneza breki za malori, keshokutwa soksi. Fundi gani anashona soksi? Editha alizishona, kwa uzi wa chungwa, ingawa wa bluu alikuwa ameshanunua bunda zima. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na stendi ya Mikumi ina masikio. Kabla mvua za masika hazijakatika, kila muuza karanga alikuwa anamwita Yared shemeji.

Kisha Yared akachaguliwa kwenda kukimbia mita elfu kumi katika michezo ya mataifa, huko mashariki ya mbali, katika mji ambao jina lake kila mtu Mikumi alilitamka kivyake. Furaha ilikuwa kubwa. Editha peke yake ndiye aliyeshindwa kulala vizuri, na alikuwa na sababu.

Dada yake mkubwa, Angela, aliwahi kuchumbiwa na bondia. Bondia naye akachaguliwa kwenda kwenye michezo ya aina hiyo hiyo. Siku ya kufungua alionekana kwenye televisheni, anapunga bendera, na nyumba nzima pale Kilosa ikapiga vigelegele. Siku ya kufunga hakuonekana. Alikuwa ametoroka kambini, na mpaka leo hakuna anayejua analala wapi. Alituma ujumbe mmoja tu, kwamba anakuja. Angela akawa anakwenda stesheni ya zamani kila treni ilipoingia, mwaka hata mwaka, mpaka siku moja akaanguka pale pale kwenye jukwaa la abiria. Aliyembeba kumrudisha nyumbani alikuwa mjomba wao, Alfred, wakati huo bado mfanyakazi wa reli.

Basi Yared alipomtuma mshenga Kilosa kabla ya kuondoka, hakutumwa kwa baba. Kwa kina Editha mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba husikilizwa, lakini anayekata shauri ni mjomba. Na Mjomba Alfred alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasema:

"Kwenye kufungua kila mtu huenda. Kuna ngoma, kuna sare mpya. Kufunga ndiko kunakomjulisha mtu. Nikimwona kijana wenu kwa macho yangu siku ya kufunga, nitajibu. Nisipomwona, mjue nimeshajibu."

Yared alipoelezwa alicheka sana. "Yaani nikimbie mizunguko ishirini na mitano, halafu mtihani wenyewe uwe kusimama tu?"

"Usicheke, Yared. Mimi sicheki."

Editha alikuwa amepakata koti la timu la Yared, la kijani, lililokuja na mikono mirefu kupita kiasi. Alikuwa ameipunguza, na ndani ya kola akapitisha mshono wa chungwa kuzunguka shingo yote, na mwingine kwenye vifundo vya mikono. Alimvalisha mwenyewe, akamfunga zipu mpaka kidevuni.

"Ukipotea, nitakutambua kwa huu uzi," alisema.

"Sipotei, mpenzi wangu. Miguu yangu haijui njia nyingine."

Maneno matamu. Bondia naye alikuwa nayo.

Siku ya mbio simu iliita kabla jogoo hajamaliza kuwika.

"Wa saba, mama!" Yared alipiga kelele.

"Wa saba kutoka mbele au kutoka nyuma?"

"Wewe mwanamke huna huruma! Kutoka mbele. Wale sita nimewahifadhi kwa mwakani."

"Hongera, mume wa watu."

"Wa watu gani? Mimi ni wa fundi mmoja tu." Kisha akashusha sauti. "Mwambie mjomba asipepese macho siku ya kufunga. Nitapunga mkono wa kushoto mpaka aseme basi."

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto. Wa kulia kila mtu anapunga."

Hiyo ndiyo simu ya mwisho waliyozungumza vizuri. Kesho yake namba ya Yared haikupatikana, wala siku iliyofuata. Asubuhi ya kufunga michezo, Editha akiwa anatia mafuta cherehani, redio ya dukani ilitangaza kwamba wanamichezo wawili kutoka Afrika Mashariki hawakuonekana kambini tangu juzi. Majina hayakutajwa. Nchi haikutajwa.

Devota, muuza chai wa jirani, akaja mbio na birika mkononi. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wala usiwaze, shoga. Lakini lisemwalo lipo."

Kuna marafiki ambao wakikufariji unatamani adui. Editha alirudi kwenye cherehani, akashona mguu wa suruali ya mteja mpaka akaufunga kabisa pande zote mbili.

Alasiri ya Mikumi ilikuwa usiku kule walikoshindana. Mudi, mwenye banda la kuonyesha mpira, alikataa kuweka mechi ya ligi. "Watu wa kijiji cha Berega wamemzaa," aliwaambia waliolalamika, "Mikumi tumemshonea bukta. Leo anaonyeshwa Yared!" Watu wakaguna, wakakaa.

Mjomba Alfred alikuwa amefunga safari kutoka Kilosa na basi la asubuhi. Alikaa benchi la mbele kabisa, amevaa koti lake la kanisani na kofia ya pama, magoti yake karibu yaguse televisheni. Editha alisimama mlangoni, mgongo umeegemea nguzo. Alivaa lile gauni la njano. Alijiambia amelivaa kwa sababu ni safi.

Zikaanza ngoma, taa, watoto waliovaa kama samaki. Bendera zikaingia. Editha alikuwa akingoja iwe kama siku ya kufungua, nchi kwa nchi, mshika bendera mbele na wenzake nyuma. Bendera ya Tanzania ikapita imebebwa na msichana mmoja wa riadha, nyuma yake hakuna mtu.

"Wengine wako wapi?" mtu aliuliza.

Hapo milango ya uwanja ikafunguliwa, wanamichezo wakamiminika wote kwa pamoja, mataifa yamechanganyika, wanaruka, wanakumbatiana, wanapiga picha. Huwezi kujua nani ni nani. Editha aliacha nguzo, akasogea, macho yake yakiwinda kijani. Koti moja la kijani likapita, ndani yake mwogeleaji mfupi. La pili, ndani yake kocha mwenye kitambi. Moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye meno.

Kamera ikasogea karibu na msichana mmoja wa Kizungu, mrefu, nywele za njano zimesukwa mkia mmoja. Alikuwa anacheka. Alikuwa amevaa koti la kijani la Tanzania. Akainama kumkumbatia mwenzake, kola ikafunuka, na pale ndani ya kola, kuzunguka shingo yote, ulipita mshono wa chungwa.

Editha aliujua mshono wake. Ulikuwa umepinda kidogo upande wa kushoto, pale ambapo Yared alimtekenya wakati anashona.

Nyuma ya yule msichana, mkono wa mtu uliovaa jekundu ulikuwa unapungapunga juu ya vichwa, kasi, bila kupumzika. Vijana wa nyuma wakacheka. "Huyo naye anafukuza nyuki!" Kamera ikahama.

Mjomba alikaa mpaka fataki za mwisho zikazimika. Kisha akasimama, akavaa vizuri kofia yake. Alikuwa ameuona uzi. Siku Yared alipokwenda kuaga, mzee ndiye aliyeusifia.

"Koti nimeliona," alisema taratibu. "Mtu sijamwona."

"Mjomba, labda..."

"Editha, mwanangu. Asiyekuwepo na lake halipo." Alimshika bega, akatoka kuwahi basi la Kilosa.

Kesho yake simu iliita. Namba ngeni, ya WhatsApp, na kwenye picha ya mwenye namba alikuwepo yule yule msichana wa nywele za njano. Editha aliitazama ikiita. Akapokea.

"Editha? Ni mimi!" Sauti ya Yared, na kelele za watu nyuma yake.

Nyie mnaosoma mngeuliza uko wapi, au u mzima. Hata yeye alikuwa amekesha akipanga kuuliza hivyo. Lakini kilichomtoka ni hiki:

"Koti liko wapi?"

"Hata hunisalimii?"

"Koti, Yared."

"Ah, kumbe mliliona! Tumebadilishana na dada mmoja hapa, mtu mzuri huyo, ungempenda..."

"Mmebadilishana nini?"

"...nguo... jana jioni kabla... mjomba alini..." Sauti ikakatikakatika, ikapotea.

Editha akapiga. Ikapokelewa na mwanamke. "Halo? Halo?" Kicheko kikafuata, na maneno ya lugha asiyoijua. Akakata simu, akaiweka chini ya vitambaa, mbali na macho yake.

Kubadilishana. Neno hilo alilijua la kanisani, ambako watu hubadilishana pete. Watu waliobadilishana nguo alikuwa hajawahi kuwasikia.

"Mtu na mtu hawabadilishani nguo barabarani," Devota alisema, akimimina chai. "Lazima kuna chumba."

"Devota, nakuomba uondoke."

Jioni uliingia ujumbe kutoka namba ile ile: Naingia Kilosa Ijumaa na treni ya mchana. Uje. Yared.

Aliusoma mara nyingi. Alitaka kuuamini, na kutaka huko ndiko kulikomtisha. Ujumbe wa bondia naye ulisema anakuja, na Angela aliuamini. Editha alijiapiza kwamba hatakwenda. Atakaa kwenye cherehani yake, na mtu akija, anajua baraza lilipo. Ijumaa asubuhi alifunga cherehani kwa turubai, akapanda basi la Kilosa.

Stesheni ya treni ya umeme ilikuwa mpya na safi, vioo vitupu. Editha alikuwa amejifunga kilemba cha bluu na kuvaa viatu vya mkutano wa kanisa, ambavyo vilimbana. Watu walikuwa wengi, wenye maboksi, wenye mabegi, kina mama wa Kimamba na magunia madogo ya mchele. Alijaribu kutomfikiria Angela. Akamfikiria tu.

Treni ikaingia bila kelele. Milango ikafunguka, watu wakashuka. Kijani. Alitafuta kijani. Mwanafunzi mwenye sweta la kijani, siye. Mama mwenye hijabu ya kijani, siye. Macho yake yakapita kundi zima, yakarudi, yakapita tena. Wanajeshi wawili. Padri. Mtu mrefu mwenye koti jekundu la maandishi ya kigeni. Bibi kizee anashushwa na mjukuu. Siye, siye, siye.

Milango ikafungwa. Treni ikaondoka jinsi ilivyokuja. Editha akapapasa nyuma kutafuta pa kuegemea, na hapo hapo mkono imara ukamshika kiwiko kutoka nyuma.

Alikuwa Mjomba Alfred, na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, mjomba," alisema, machozi yakimtiririka.

"Marahaba."

"Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuangalia ratiba," mzee alisema. Kisha akaona hata yeye mwenyewe haamini jibu lake. "Mshenga ameniambia kijana wake anarudi leo. Nikasema siwezi kumwacha mtoto mwingine aanguke stesheni peke yake. Nimekuja kukushika."

Editha akamlalia begani. Na kwa juu ya bega hilo akamwona yule mwenye koti jekundu. Alikuwa hajaenda popote. Alisimama karibu na nguzo, begi miguuni, mkono wa kushoto umeinuliwa nusu, kama mtu aliyechoka kupunga. Mikono ya koti ilikuwa mirefu mpaka imefunika vidole. Uso ulikuwa wa Yared.

Alikuja polepole, yeye asiyejua kutembea polepole.

"Umenipita mara mbili," alisema. "Nimekaa nakupungia, nacheka, nikidhani unanitania. Macho yako yamepita usoni kwangu mara mbili, Editha."

"Nilikuwa natafuta koti."

"Najua. Hata kwenye simu uliuliza koti." Akapandisha mikono ya koti, vidole vikaonekana. "Simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya barafu tunayolowekea miguu. Namba yako naijua kwa kichwa, ndiyo maana nikaazima ya yule dada. Na wewe ukaniuliza koti."

"Nisamehe. Niliogopa, Yared. Niliogopa mpaka nikawa mjinga."

"Kule ndiyo desturi. Siku ya kufunga watu wanabadilishana makoti, kila mtu anarudi kwao na la mwenzake. Mimi nilikataa. Nikasema langu limeshonwa. Yule dada akaomba aone. Mama yake ni fundi cherehani. Akafunua kola, akauliza nani kashona, nikamwambia mke wangu. Akasema basi hilo hilo ndilo analolitaka, la wengine halina mwenyewe." Akavuta pumzi. "Ningemnyima vipi?"

"Ulisema mke wangu, na ndoa hatujafunga?"

"Kwa Kiingereza changu, ndilo neno nililokuwa nalijua."

Editha akacheka katikati ya kilio. Wale wawili wa kwenye redio, nisije nikawasahau, ilijulikana baadaye kwamba hawakuwa Watanzania.

Mjomba Alfred alikuwa amesogea karibu. Alikuwa anaangalia koti jekundu, toka kola mpaka mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mzee," Yared alisema, akiinama.

"Marahaba. Siku ile ulisimama wapi?"

"Nyuma ya yule dada, mzee. Nilimwona mpiga picha anakuja, nikapunga mkono wa kushoto, kama nilivyoahidi. Nilipunga mpaka bega likauma."

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa muda mrefu.

"Palikuwa na mkono mwekundu," alisema. "Vijana walisema mtu anafukuza nyuki."

"Ndiye mimi, mzee."

"Nami nilikuwa benchi la mbele." Aliivaa tena miwani. "Miaka yote hii namlaumu bondia kwa kutokuonekana. Kumbe na kutazama nako kuna kukosea."

Editha alikuwa ameshika mkono wa lile koti, anaukunja kwa kidole, anapima bila futi, kwa mazoea tu ya kazi. Yared alimwachia mkono.

"Mikono imekuzidi kiasi hiki," Editha alisema. "Leo naipunguza."

"Una uzi mwekundu?"

"Sina."

Mjomba Alfred akakohoa, kama anavyokohoa kanisani kabla ya kusoma matangazo.

"Nilisema nitajibu siku ya kufunga," alisema, akiinama kuchukua begi la Yared kwa mkono wake mwenyewe. "Haya. Fungeni."